Kulaza ramani juu ya ramani: usiniulize kitufe, niambie swali lako

Najua nimekuwa kimya karibu miezi miwili sasa. Kazi imenibana mpaka nikasahau nywila ya ukurasa wangu mwenyewe! Lakini juzi nimepokea barua pepe kutoka kwa mwanafunzi mmoja wa mwaka wa nne chuoni, na ndiyo iliyonitoa kwenye usingizi. Anauliza hivi: "Kaka, nikitaka kuunganisha matabaka mawili ya ramani kwenye QGIS, kati ya Intersection, Union, Clip na Difference, ni ipi iliyo bora?"

Nikaanza kumjibu kwa mistari mitatu. Nikaifuta. Nikaanza tena. Mwishowe nikaona heri niandike hapa, maana yeye si wa kwanza kuniuliza, na mimi mwenyewe nimewahi kulijibu swali hilo vibaya sana, tena watu wakaumia kidogo kwa sababu yangu.

Maoni yangu ni haya: swali hilo, jinsi lilivyoulizwa, halina jibu. Si kosa la kijana. Ndivyo tulivyofundishwa. Mimi nakumbuka mhadhiri akichora miduara miwili ubaoni iliyopandana, halafu akaichora tena na tena akipaka rangi sehemu tofauti kila mara: hapa katikati, hapa yote, hapa kushoto tu. Tukakariri kwa ajili ya CAT, tukapita, tukasahau. Hakuna aliyetuambia kwamba ndani ya ule mduara kuna ploti ya mtu.

Haya, kwa wale ambao hawajawahi kugusa mambo haya, nipitie upesi. Una tabaka la ploti na tabaka la, tuseme, eneo la mafuriko. Intersection inakupa vipande vilivyo katika matabaka yote mawili, na kila kipande kinabeba sifa za pande zote mbili: nambari ya ploti na kiwango cha mafuriko. Clip inafanana nayo kwa umbo, ila inakata kama mkasi tu. Sifa za tabaka la pili hazikufuati nyumbani. Union haitupi kitu, inavunja kila kitu vipande na kuvihifadhi vyote. Difference inakupa kile kilichobaki baada ya kuondoa. Halafu kuna jamaa wa tano ambaye wengi hawamhesabu kama chombo cha kupandanisha ramani: lile swali la ndiyo au la, "je, hii inagusana na ile?" Kwenye QGIS unalipata kwenye kuchagua kwa mahali, kwenye PostGIS linaitwa ST_Intersects. Huyo ndiye aliyenitia matatani. Nitamrudia.

Kwanza kisa kidogo ambacho Wakenya wengi wanaoandika programu hawakijui, na mimi nilikijua nikiwa tayari nimehitimu. Roger Tomlinson, yule Mwingereza aliyehamia Kanada na ambaye watu humwita baba wa GIS, alianza kufikiria kuweka ramani ndani ya kompyuta kwa sababu ya kazi iliyohusu Kenya! Mnamo mwaka wa 1960 hivi alikuwa akifanya kazi na kampuni ya Spartan Air Services ya Ottawa, nayo ilitakiwa kutafuta mahali pa kupanda miti kwa ajili ya kiwanda cha karatasi huku kwetu. Ilibidi kulaza ramani juu ya ramani kwa mkono: udongo, mvua, mteremko, barabara. Wakapiga hesabu ya gharama ya kufanya hivyo, ikawa kubwa mno, kazi ikafa. Tomlinson akabaki na wazo, na baada ya miaka michache serikali ya Kanada ikamwezesha kujenga mfumo wa kwanza wa aina yake. Kwa hiyo ukiwa umeketi kwenye saiba ukibonyeza Intersection, ujue chanzo cha kitufe hicho ni swali kuhusu ardhi yetu. Mtu alikuwa na swali kwanza. Kitufe kilikuja baadaye.

Sasa nirudi kwenye yangu.

Miaka michache iliyopita nilipata kibarua katika kampuni moja (sitaitaja) iliyokuwa imepewa kazi ya mto unaopita katika mji fulani (nao sitautaja). Kazi yangu haikuwa ya kuchora ramani. Mimi ni mwandishi wa programu. Niliambiwa: chukua tabaka la ploti, chukua tabaka la mto, weka ukanda wa mita 30 kila upande, nipe orodha ya ploti zilizo ndani ya ukanda, na mfumo uchapishe barua kwa kila mwenye ploti. Mchana mmoja tu! Nikaandika ST_Intersects, nikapata orodha, nikaiunganisha na barua, nikaenda zangu kula.

Nyote mnakumbuka mambo ya kingo za mito. Agosti 2018 majengo makubwa Nairobi yaliangushwa, likiwemo Ukay Centre kule Westlands. Mei 2024 baada ya mafuriko, zikaja nyumba za watu wa Mathare na Mukuru. Kwa hiyo barua inayosema ploti yako iko ndani ya ukingo wa mto si barua ya kawaida. Mtu akiipokea halali.

Kukawa na baraza la chifu. Nikapelekwa na kipakatalishi na projekta nikaonyeshe ramani. Watu wakauliza maswali, ofisa akajibu. Halafu akasimama mama mmoja wa makamo, ameshika hati yake ndani ya mfuko wa nailoni, akanitazama mimi, si ofisa: "Kijana, mimi niko hapa tangu kabla hujazaliwa. Mto umeingia kwangu lini?"

Ofisa akasema, "Mama, kompyuta ndiyo imesema."

Lo! Nilitamani ardhi ipasuke. Kompyuta haikusema kitu. Ni mimi niliyesema, mchana ule, kabla ya kwenda kula.

Nikamtafuta kwenye ramani papo hapo, mbele ya watu. Ploti ya futi 50 kwa 100, upande mfupi ukitazama mto. Ukanda wetu ulikuwa umeila kona ya shamba lake la sukuma wiki: mita za mraba 11 kati ya 465 hivi. Jirani yake wa chini, mwenye nyumba za mabati za kupangisha, alikuwa ndani karibu ploti nzima. Kwenye orodha yangu wote wawili walikuwa na neno moja: NDANI. Barua moja, siku zilezile za kuhama.

ST_Intersects haikukosea. Niliiuliza kama vinagusana, ikasema ndiyo. Tena inasema ndiyo hata kama mipaka miwili imegusana tu bila kupandana hata kwa unywele. Kuna ploti mbili kwenye orodha ile zilizokuwa hivyo, eneo lililopandana ni sufuri. Swali la watu wale halikuwa "inagusa?" Lilikuwa "ni kiasi gani, na ni sehemu gani ya ploti?" Hilo linataka Intersection yenyewe, kisha upime:

SELECT p.nambari,
 ST_Area(ST_Intersection(p.geom, u.geom)) / ST_Area(p.geom) AS sehemu
FROM ploti p JOIN ukanda u ON ST_Intersects(p.geom, u.geom);

Mnaona ST_Intersects bado ipo? Iko mahali pake sasa, mlangoni, inachuja zipi za kupimwa. Haitoi hukumu.

Nilipoendesha hiyo usiku ule hotelini nikakuta aibu nyingine. Mto ulikuwa umechorwa vipande vipande, na kila kipande kilikuwa na ukanda wake, na kanda zinapandana kwenye viungo. Ploti iliyo kwenye kiungo ilitokea mara mbili, na moja mara tatu. Ukijumlisha maeneo, kuna ploti ambayo "sehemu" yake ni zaidi ya 1, yaani iko ndani ya ukanda kuliko ukubwa wake wenyewe! Dawa yake ni kuyeyusha kanda zote ziwe poligoni moja kabla ya chochote: ST_Union kwenye PostGIS, Dissolve kwenye QGIS. Ni hatua ya sekunde kumi na watu huiruka kila siku.

Lakini kubwa kuliko yote lilikuwa hili. Ramani za upimaji wetu nyingi ziko kwenye datamu ya zamani, Arc 1960. Picha za setilaiti na GPS ya simu yako ziko kwenye WGS 84. Tofauti ya hizo mbili huku kwetu ni kama mita 300. Ukizilaza bila kubadilisha, ploti za watu zinaonekana zimevuka mto na kwenda kuishi ng'ambo. Kosa la mita 300 si hatari sana kwa sababu kila mtu analiona. Aliyetayarisha data yetu aliliona. Alichofanya badala ya kubadilisha datamu sawasawa, akalikamata tabaka la ploti kwa kipanya akalivuta mpaka "likakaa vizuri". Kwa jicho! Nilipobadilisha vizuri kutoka EPSG:21037 kwenda EPSG:32737 nikakuta ploti zilikuwa zimehama mita kadhaa, upande mmoja wa mji zaidi kuliko mwingine.

Sasa rudi kwa yule mama. Mita za mraba 11 kwa upana wa futi 50 ni kipande chenye kina cha sentimita 70 hivi. Data yenyewe ina kosa la mita kadhaa. Kwa hiyo hata ile hesabu yangu mpya, iliyo sahihi, yenye desimali nne, haikuwa na haki ya kusema kama mama yule yuko ndani au nje. Hakuna chombo kwenye menyu chenye uwezo huo. Union, Intersection, Clip, zote zitakupa mstari mwembamba uliokatwa kwa wembe, kana kwamba mto wenyewe unajua mwisho wake.

Na hapo sijagusa ile 30. Kanuni za ubora wa maji za 2006, zilizotolewa chini ya sheria ya mazingira ya 1999, zilisema upana wa mto, usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30, kutoka kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichorekodiwa. Sisi tulichukua 30 kila mahali, tena kutoka mstari wa katikati ya mto. Namba moja imechaguliwa na mtu asiyejulikana kwenye mkutano, ikawekwa ndani ya kisanduku cha ukanda, na baada ya hapo kila mtu akaiita "matokeo ya GIS". (Na mkiweka ukanda, tafadhali angalieni vipimo. Rafiki yangu aliandika 30 kwenye tabaka lililokuwa bado kwenye digrii. Ukingo wa mto wa Nairobi ukafika Misri. Tulicheka wiki nzima.)

Nikamwandikia bosi nikipendekeza safu ya tatu kwenye orodha: NDANI, NJE, na IPIMWE. Yaani zote ambazo upana wa kupandana ni mdogo kuliko kosa la data zisipate barua mpaka saveya aende na vifaa vyake. Na si zile zilizogusa tu. Hata zile zilizokuwa nje kwa mita chache. Hakufurahi. Mteja analipia jibu, akasema, si "labda". Tulivutana siku nne. Mwishowe alikubali, nadhani kwa kuogopa mahakama zaidi ya kunihurumia mimi.

Tukiwa bado kwenye mambo ya kuumiza watu kwa jedwali, nitaje mtego mwingine ambao nimeuona hata kwenye ripoti zilizochapishwa kwa karatasi nzuri inayong'aa. Una kata ndogo yenye watu 9,000 kwenye safu ya sensa. Unailaza juu ya maeneo ya mafuriko, inavunjika vipande vitatu. Kila kipande kinanakili sifa za mzazi wake: 9,000, 9,000, 9,000. Mtu anajumlisha, anapata 27,000, anaandika kwenye ripoti, chakula cha msaada kinapangwa. Intersection haijui kwamba watu hawawezi kunakiliwa. Haijui pia kwamba ile safu ya ekari uliyoandika mwenyewe kabla ya kukata si ya kweli tena baada ya kukata.

Wengine watakwambia gawanya kwa eneo: kipande kikiwa theluthi ya kata, kipe theluthi ya watu. Hilo ni afadhali, lakini linadhani watu wamemwagwa sawasawa kama mbegu. Nairobi? Kibera imepakana na uwanja wa gofu wa Royal Nairobi. Chukua poligoni inayojumuisha vyote viwili, gawanya kwa eneo, umewalaza maelfu ya watu kwenye nyasi za gofu na ukawapunguza pale walipo kweli, karibu na mto. Mimi siku hizi nagawa kwa majengo. Google ilitoa data ya Open Buildings mwaka wa 2021, ni bure, na OpenStreetMap ina mitaa mingi iliyochorwa na wenyeji wenyewe tangu vijana wa Map Kibera walipoanza mwaka wa 2009. Si kamili, nyumba ya ghorofa saba ni kisanduku kimoja kama kibanda. Lakini hakuna anayelala kwenye shimo la tisa.

Rasta sitaisema sana leo. Ukiwa na swali la "wapi panafaa zaidi kidogo kuliko pale", kama lile la Tomlinson la miti, rasta na mizani yake ya uzito ni nzuri kuliko vekta. Ila nimewahi kuona mtu akitafuta ukanda wa mita 30 kwenye picha ya Landsat, ambayo pikseli yake moja ni mita 30. Nikanyamaza tu.

Kuhusu programu ipi: mtanigombeza, lakini kwa kazi hizi sioni sababu ya mwanafunzi wa hapa kuiba programu ya gharama. Nakumbuka enzi za ArcMap tulivyohangaika: ile Erase, ambayo ni kutoa tu, ilitaka leseni ya ngazi ya juu kabisa, kwa hiyo watu walifanya Union halafu wakafuta vipande kwa mkono, na humo ndimo vilimoingia vipande vyembamba kama nywele ambavyo hakuna aliyejua vimetoka wapi. QGIS, aliyoianzisha Gary Sherman mwaka wa 2002, ina Difference bila kuombwa shilingi. Na zile TopologyException zilizokuwa zikitunyima usingizi zimepungua sana tangu GEOS 3.9 ya Desemba 2020 ilipoleta OverlayNG. Hata hivyo endesha ST_MakeValid kwanza. Poligoni zetu za kaunti zina mafundo ambayo hata baharia hawezi kuyafungua.

Mtataka kujua mama alifikia wapi. Saveya alikwenda, akachimba, akapata jiwe la mpaka chini ya ua wa michongoma, na ploti yake ikawa nje kwa mita moja na nusu. Jirani wa nyumba za mabati alikuwa ndani kweli, hakuna hesabu iliyoweza kumwokoa. Na kuna mzee ambaye orodha yangu ya kwanza ilimwacha nje kabisa, hakupata barua, alikuwa akitucheka barazani. Naye kwa kuwa jina lake lilikuwa kwenye safu ya IPIMWE, akapimwa, akakutwa ndani kwa mita mbili. Nilikutana naye stendi siku ya mwisho nikirudi Nairobi. Hakuitikia shikamoo yangu.

Basi nikamwandikia yule mwanafunzi: achana na majina ya vitufe kwanza, niandikie sentensi moja unayotaka kuisema mwisho wa kazi yako, pamoja na atakayeisoma. Amenijibu jana. Anataka kusema ni shule ngapi za msingi katika kaunti yake ziko ndani ya eneo la mafuriko, na atakayesoma ni ofisi ya elimu. Vizuri sana. Nikamwomba data, nikaifungua. Kila shule ni nukta moja. Nimemuuliza nukta hiyo imewekwa wapi: langoni, kwenye ofisi ya mwalimu mkuu, au katikati ya uwanja wa mpira?

Bado nasubiri jibu.